Barua ya Huruma

Alhamisi, masika. Saa kumi na moja jioni.

Mvua imeanza tangu alfajiri na mpaka sasa haijaamua kama inanyesha au inaacha. Nimekaa ukumbini kwenye cherehani yangu, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, na daftari hili nimelilaza pale ninapokatiaga nyuzi. Nimechoka. Uchovu wa kushona naujua, unakaa mgongoni na ukilala unaondoka. Huu wa leo ni uchovu wa benki, na sijui dawa yake.

Leo nimekwenda mara ya nne.

Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alitwambia mtu akishajua kuandika, basi aandike kila siku hata mistari mitatu, mkono usije ukasahau. Kisomo nilimaliza zamani, na kuandika naandika bado, ila siku nyingi huwa ni vipimo tu: seti mbili, maua mekundu, pindo la buluu, bibi harusi wa Magomeni. Leo vipimo vinisamehe. Nina jambo, na sina wa kumwambia. Salama mwanangu yuko Tabora kwa mumewe, na barua ya kwenda Tabora inachukua muda wake.

Kazi yangu ni mashuka. Nashona, natarizi, napiga pasi, nafunga furushi, natia kichwani, naondoka. Naingia maofisini kule Posta, naingia mahospitalini, naingia majumbani. Karani anachagua seti yake leo, nusu ananipa mwisho wa mwezi, nusu mwezi unaofuata. Sina duka, sina bosi, sina karatasi ya mshahara. Nina miguu, na yenyewe ndiyo hii imo kwenye beseni.

Na nina kiwanja.

Nikiandika neno hilo mpaka leo natazama pembeni kama kuna mtu. Nina kiwanja Sinza, kwenye vile viwanja vilivyopimwa vya mradi. Nilijaza fomu kama mzaha, nikasahau, ikaja barua ya ofa yenye jina langu mimi, si la mume wala la kaka. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikairudia, halafu nikaenda kuificha chini ya godoro nikakaa juu yake. Ila barua ina sharti. Usipoanza kujenga ndani ya muda, kiwanja kinarudi, anapewa mwingine. Muda wangu unaisha mwezi wa sita. Sasa tuko masika na pale Sinza pana majani mpaka kiunoni na vigingi vinne.

Mtu atasema, si ujenge kidogo kidogo? Na mimi nilisema hivyo. Lakini saruji siku hizi haiuzwi kama muhogo. Saruji ni kibali, mabati ni kibali, nondo ni kibali, na kibali kwa mtu kama mimi kinafuatana na mkopo wa benki ya nyumba. Ukiwa na mkopo wanakuandikia, unakwenda kuchukua. Ukiwa huna mkopo, utazunguka mpaka viatu viishe, au utanunua kwa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma nauogopa.

Kwa nini naitaka nyumba kiasi hiki? Nitaandika, maana hapa naandika ukweli. Baba Salama alipofariki tulikuwa tumepanga mtaa wa nyuma. Mwenye nyumba ile alikuwa mama mzuri, sina neno naye. Ila alikuwa na harusi ya mwanawe, kadi zimeshagawiwa, na siku ya tatu ya msiba akaniita pembeni, akanishika mkono, akaniomba taratibu nimalizie matanga kwingine. Alikuwa na haki, ukumbi ni wake. Nikahamisha msiba wangu kwa mkokoteni, masufuria na majamvi na wafiwa nyuma, tukapita mtaani watu wanatutazama. Siku ile nilijiapiza kwamba mimi nitatolewa kwenye mlango wangu mwenyewe. Nikifa, nife kwangu, wala asije mtu akamwambia Salama wahamishe jamvi.

Ndiyo hivyo tu. Watu wengine wanataka nyumba ya kuishi.

Haya, benki. Bwana wa mikopo ana miwani mizito na mafua yasiyokwisha, lakini roho yake si mbaya. Mara ya kwanza aliniomba karatasi ya mshahara, nikamwambia sina. Mara ya pili nikampelekea madaftari yangu, haya haya, nikamfungulia: tazama, fulani kachukua, fulani kalipa. Akayageuza kwa adabu, akasema, "Mama, haya umeandika mwenyewe. Mtu hajithibitishi mwenyewe." Mara ya tatu nilikuwa nimeanza kukata tamaa, yeye ndiye akanionyesha njia.

"Una balozi wa nyumba kumi?"

"Nani hana balozi, ndugu yangu?"

"Basi akuandikie. Anakujua, anaishi na wewe. Aeleze shughuli yako na hali yako ya kipato, tawi la chama ligonge muhuri, mimi nitaipeleka kwenye kamati."

Nilitoka pale nacheka peke yangu. Balozi! Balozi wetu ni Mzee Chilumba, alikuwa kuli bandarini mpaka alipostaafu, mtu wa kusini kama mimi, na tumeishi nyumba ya tatu na ya tano miaka tisa. Mtu mwenye heshima zake, hali cha mtu. Jumapili iliyopita nilimwendea, nikamweleza, akasikiliza kwa makini mkono shavuni. Akasema, "Nitaandika, mwanangu. Nitaandika kwa moyo." Kesho yake akaniletea bahasha imeshafungwa, muhuri wa tawi umekaa sawasawa, na akakataa hata chai. Sikuifungua. Bahasha ya mtu ni amana. Nilipanga kuipeleka leo, nikailaza chini ya mto kama mwari.

Leo bwana wa mikopo aliifungua mbele yangu. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akasoma tena. Mimi nimekaa nimenyooka, furushi langu miguuni, natabasamu kama mjinga.

"Mama, unajua kilichoandikwa humu?"

"Sijui. Ila mzee ananijua vizuri."

Akanisomea. Maneno yamenikaa kichwani kama aya, wacha niyaandike.

"Ndugu wa benki. Mtajwa hapo juu ni mjane na mnyonge wa kweli katika nyumba zangu kumi. Anatembeza mashuka juani na mvuani lakini hapati kitu. Nimeishi naye miaka tisa, sijamsikia hata siku moja akisema biashara imekwenda vizuri. Kila ukimuuliza anajibu kuwa anaganga njaa. Nimemwandika katika orodha ya wasiojiweza ili apate sukari bila kupanga foleni. Kwa kuwa benki hii ni ya umma, naomba imwonee huruma, impe nyumba."

Aliposhusha karatasi nilitaka ardhi ipasuke niingie.

"Mama," akasema, na akapenga kamasi kwanza, maskini, "mimi nakuamini. Nimeona madaftari yako. Lakini sisi tunamkopesha mtu atakayelipa. Balozi wako na chama chako wananiambia kwa muhuri kwamba huwezi. Nikipeleka hii kwenye kamati watanicheka mimi."

Nikamuuliza nifanyeje. Akasema kamati inakaa Jumatatu alasiri. Nilete barua nyingine kabla ya hapo, inayosema ninachopata. Baada ya Jumatatu, kamati nyingine ni mwezi wa saba.

Mwezi wa saba kiwanja kitakuwa cha mtu mwingine.

Nikatoka, nikatia furushi kichwani, nikashika njia ya Mnazi Mmoja kwa miguu, mvua inaninyeshea. Sikuingia ofisi hata moja. Nilikuwa na seti tatu za watu wa Posta zimekaa humo ndani, na nikapita milango yao kama nadaiwa. Nilitaka nimkasirikie Mzee Chilumba, nikatafuta hasira nisiipate. Kosa lake nini? Kila neno alilomwandikia yule bwana nimemfundisha mimi.

Biashara vipi, Mama Salama? Mbaya, baba, tunaganga njaa. Umeuza leo? Wapi, nimezungusha miguu tu. Miaka tisa! Siku niliyouza seti sita kwa wauguzi peke yao, nikarudi furushi limekuwa kitambaa cha kufungia kichwa, nikamkuta barazani, akaniuliza, nikajibu hali mbaya. Nilijibu kabla hata sijawaza. Mdomo wenyewe unajua njia.

Na si mimi peke yangu. Kariakoo nzima hii, muulize mtu yeyote mwenye kibanda. Anayejaza debe la mchele mbele ya macho yako atakwambia hajaona mteja tangu juzi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha kule Lindi nikiwa na miaka kumi na vifungu vyangu vya karanga: ukiulizwa umeuza, sema kidogo. Ukisema nyingi, jicho litaingia. Nikakua na neno hilo. Halafu nikaja mjini, wakaongezeka ndugu wa kuja kukopa. Halafu ukaja msako wa walanguzi, watu wanafunguliwa masanduku vyumbani mwao, anayesema amepata anaulizwa amepata wapi. Na mimi marikani, kitambaa cha mashuka yangu, nyingi naipata kwa kibali cha ushirika, lakini si yote. Haya, nimeandika. Si yote. Kuna majora mawili matatu yamewahi kuja jioni yamefungwa kwenye mkeka.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu. Kila mwaka nilikuwa na sababu mpya.

Lakini sukari sina sababu yake.

Nilipofika pale Mnazi Mmoja ndipo lile neno la orodha liliponichoma vizuri. Mzee Chilumba aliniandika mwaka juzi, sukari ilipoanza kuwa ya kutafutana. Wasiojiweza wa nyumba kumi ni wanne tu: kipofu wa nyumba ya kwanza, wazee wawili wagonjwa, na mimi. Alipokuja kunipa kadi nilitaka kusema, baba, mpe mwingine. Nikaona nitaanzaje? Jana yake tu nilikuwa nimemwambia sijui nitakula nini. Nikaipokea, nikasema Mungu akulipe. Na kusema kweli ilinifaa sana, wenzangu wakiwa kwenye foleni ya duka la ushirika toka alfajiri, mimi natarizi. Sukari yenyewe siitumii hata nusu. Iko sandukuni, paketi juu ya paketi, nimezifunika na vitambaa.

Nikaenda moja kwa moja kwake, hata nguo sikubadilisha. Nilijua nikiingia chumbani sitatoka.

Alikuwa barazani anashona kiatu chake mwenyewe kwa uzi wa nyavu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Salama. Umelowa hivyo! Wamekupa?"

"Hawakunipa."

Akaweka kiatu chini. "Barua haikuwagusa?"

"Imewagusa, baba. Imewagusa sana."

"Basi nitaongeza," akasema, na akaanza kutafuta kalamu mfukoni, wallahi. "Nilijua nimeandika kwa kifupi. Nitaandika kuwa siku nyingine unalala na njaa. Nitaandika na habari ya miguu yako."

Jamani! Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja. Nikakaa kwenye ngazi chini yake, nikamshika goti kama mtoto aliyevunja chungu, nikamwambia. Nilianza mara tatu. "Baba, mimi sina njaa. Baba, mimi ninapata. Mimi ninapata vizuri." Nikamwambia seti ngapi kwa mwezi. Nikamfungulia furushi, nikamtajia wenyewe na ofisi zao. Sijawahi kumwambia binadamu yeyote maneno yale, hata Baba Salama nilikuwa namficha kidogo.

Mzee kwanza alicheka, cheko fupi la puani. Halafu akaacha.

"Na sukari?"

Nikaanza kulifunga furushi.

"Nakuuliza, Mama Salama. Na sukari?"

"Iko sandukuni, baba."

Alikichukua kiatu chake, akakigeuza, akakirudisha chini. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Akaniambia barua ya pili hawezi kuiandika hivi hivi. Orodha iko tawini kwa mkono wake yeye, inasema mimi sijiwezi. Leo aandike najiweza, watamuuliza ni lini alikuwa anasema kweli. "Sikuandika uongo," akasema. "Niliandika ulichoniambia. Na ulichoniambia mimi, uliwaambia wote." Jumapili asubuhi kuna mkutano wa nyumba kumi hapo hapo barazani. Nisimame mwenyewe. Niseme kazi yangu, niseme ninapata, nitoe kadi ya sukari mbele ya watu, lisomwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Hapo ataandika barua nyingine, muhuri ataupata Jumapili hiyo hiyo, na Jumatatu asubuhi nitakuwa nayo mkononi.

"Na wakiniuliza marikani naipata wapi?"

"Utawajibu," akasema. "Mimi sitakuwa na la kusema."

Nikamwambia nitafikiri. Akasema fikiri, lakini kadi uiache hapa. Nikaiacha.

Basi ndio nimekaa nafikiri, na maji ya beseni yameshapoa.

Naweza nisiende. Nikinyamaza Jumapili, hakuna atakayejua ila mzee, na mzee si mtu wa maneno. Nitakuwa Mama Salama yule yule, mnyonge wa nyumba ya tano, na kiwanja kitapata mtu mwenye karatasi ya mshahara. Nitabaki kwenye chumba hiki, na siku yangu ikifika mwenye nyumba atakuwa na shughuli zake.

Au nisimame. Nikisimama, Jumapili jioni watakuja wa kukopa. Jumatatu atakuja shemeji yangu wa Temeke, huyo habari humfikia kabla hazijatokea. Labda atakuja na mtu wa msako, sijui. Na wale watakaonitazama tu bila kusema kitu, hao ndio nawaogopa zaidi. Foleni ile wamesimama wajawazito.

Na foleni ile amesimama Bi Mwanahawa.

Sikutaka kumwandika, lakini hapa ukumbini hakuna njia ya kumkwepa, chumba chake kinatazamana na changu. Bi Mwanahawa ni bibi wa vitumbua. Mtu mzima sana, masikio yamepungua, anakaanga barazani toka asubuhi. Sukari kwake ni kazi, asipoipata hakaangi. Anaamka na kigoda chake anakwenda ushirika kabla hakujakucha, na siku nyingine sukari inakwisha wamebaki watatu mbele yake, anarudi na kigoda. Hayumo kwenye orodha. Hayumo kwa sababu yeye ukimuuliza biashara vipi, anasema nzuri. Alhamdulillah, nzuri, nimeuza. Anasema hivyo na sinia limejaa vile vile lilivyotoka. Mzee Chilumba naye anaandika alichoambiwa.

Na kila jioni, kila jioni ya Mungu, vitumbua vinavyobaki anachagua viwili vilivyoumuka vizuri ananiletea. Kwa sababu biashara yangu ni mbaya. Mwanzoni nilikataa, akakasirika kweli kweli, akasema mtu hali peke yake jirani anaganga njaa. Basi nikawa napokea. Nimekula vitumbua vya Bi Mwanahawa miaka, vya sukari aliyoipangia foleni, na yangu imelala sandukuni inaganda.

Naacha kalamu, nasikia ndara zake.

Narudi. Amekwishakuja, ameshaondoka. Nitaandika haraka kabla sijaanza kulipamba.

Alikuja na sahani yake ya bati, kafunika na kawa, kanga kichwani imelowa. Nikamwamkia, akaitikia. Akasimama pale pale anaposimamaga siku zote, mkono mmoja kwenye cherehani, akanitazama miguu yangu kwenye beseni, akasikitika kwa ulimi.

"Biashara vipi leo, mwanangu?"

Mdomo ulikwisha kufunguka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, nililisikia ladha yake. Nikalimeza. Moyo ulinienda mbio kama naiba.

"Nzuri, bibi."

"Eh?" Akaegemeza sikio.

"Nzuri!" Nikasema kwa sauti, mpaka mpangaji wa chumba cha mwisho akachungulia. "Biashara nzuri, bibi! Napata!"

Sijui nilitegemea nini. Labda anitukane, labda aondoe sahani. Bi Mwanahawa aliweka sahani juu ya cherehani taratibu, akainua mikono yote miwili, na akapiga kigelegele. Kwa pumzi zile za kizee, kirefu, ukumbi mzima ukaitika. Akanishika uso kwa mikono yake yenye harufu ya mafuta. "Nilijua! Nilijua atajibu! Kila alfajiri pale ushirika nakaa kwenye kigoda nakuombea. Nasema, Mola, mjane wa watu yule, mfungulie japo siku moja. Leo kafungua!"

Akalia. Bi Mwanahawa alilia kwa furaha yangu, akajifuta na pembe ya kanga. Halafu akaniambia nile vitumbua vingali moto, akaenda zake chumbani anamshukuru Mungu kwa sauti.

Na mimi nilikaa. Nilikuwa na nafasi ya kumwita. Chumba chake ni hatua nne. Nilikuwa na nafasi ya kusema, bibi, ngoja, si leo tu, na sukari yako iko kwangu. Sikumwita. Nilimwacha aende na leo yake.

Vitumbua viwili viko hapa mbele yangu. Vimeumuka vizuri, kama kawaida. Sijavila na sijui nitavipeleka wapi, maana kuvirudisha siwezi.

Basi Jumapili nitakwenda. Nimeshaamua, na nimeamua kwa uchovu zaidi kuliko kwa ushujaa, sina tena nguvu ya kubeba furushi hili na lile jingine. Nyumba naitaka, sitajifanya nakwenda kwa ajili ya kitu kingine. Kama barua ya Jumatatu haingekuwepo, ningenyamaza mpaka kufa, najijua.

Bi Mwanahawa atakaa mbele kabisa, karibu na balozi, kwa sababu ya masikio. Atakuwa amevaa kanga yake ya mikutano. Kusema ninapata nimeshaweza, nimesema leo na sikufa. Jumapili itabidi niseme kwa sauti ya kumfikia yeye, niseme tangu lini.